Breki za ndege ya kujijengea: anzia kwenye sili

Ndege nyingi za kujijengea, RV-7A ya kampuni ya Van's kwa mfano, zina gurudumu la mbele linalojizungukia lenyewe. Mkiwa mnatembea polepole ardhini, usukani wa mkia haupati upepo wa kutosha, kwa hiyo kona unaikata kwa kukanyaga breki ya upande mmoja. Breki ya kushoto ikifa, kona ya kushoto nayo imekufa.

Halafu kuna hapa kwetu. Uwanja wa Mwanza uko mita 1,147 hivi juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 28 hewa ni nyepesi, hivyo hata kama saa ya mwendo inasoma vilevile, magurudumu yanagusa lami kwa kasi kubwa zaidi. Nimepiga hesabu: nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza inazidi kwa karibu asilimia 20 ile ya usawa wa bahari katika hewa sanifu.

Hatua ya 1: Jua sili zako, yaani zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, kabla ya kununua mafuta. Hapa naomba usiwe na haraka. Mafuta mekundu ya haidroli ya ndege, MIL-H-5606, yanatokana na mafuta ghafi na yanaendana na sili za mpira aina ya nitrile. Mafuta ya breki za gari, DOT 3 na DOT 4, yana asili ya glaikoli na yanaendana na sili za EPDM, mpira wa aina nyingine. Ukichanganya, umeharibu.

Mimi nilitokea gereji za magari, na kosa hili nililifanya kwa mikono yangu. Nilifunga silinda kuu (ile inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali) ya pikipiki kwenye ndege tuliyokuwa tunaijenga, nikajaza mafuta mekundu kwa kuamini kwamba ndege lazima inywe mafuta ya ndege. Baada ya wiki chache pedali ikawa hairudi. Nilipofungua, sili ilikuwa imevimba na kulainika kama tambi iliyolala kwenye mchuzi. Niliibonyeza kwa ukucha, alama ikabaki. Pistoni ilikwama ndani, na pedi zilikuwa zinasugua diski muda wote. Kwa hiyo usiulize chombo ni gari au ndege. Uliza sili ni ya nini, kisha andika aina ya mafuta kwa rangi juu ya kikopo chenyewe cha mafuta ya breki, ili atakayeongeza kesho asibahatishe.

Hatua ya 2: Paipu. Karibu na kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, usiweke paipu ya plastiki. Diski ikipata moto plastiki inalainika, mafuta yanavuja juu ya chuma cha moto, na 5606 inawaka. MIL-PRF-83282 inatumia sili zilezile na inastahimili moto zaidi. Mimi ndiyo ninayoitumia sasa. Sehemu hiyo funga hozi ya teflon iliyosukiwa waya wa chuma, na hakikisha haisuguani na tairi.

Hatua ya 3: Toa upepo kutoka chini. Kwenye gari tumezoea kupampu pedali. Kwenye ndege sukuma mafuta kuanzia nipeli ya kalipa (kile kitundu cha kutolea upepo) kwenda juu, maana upepo wenyewe unapenda kupanda. Tumia kopo la oili la kupampu, safi, na mpira unaoonyesha ndani. Mwenzako aangalie kikopo cha juu: mapovu yatatoka makubwa, kisha madogo, kisha hakuna. Pedali iachwe imerudi kabisa, kwa sababu silinda nyingi hufungua njia ya kikopo pistoni ikiwa mwisho tu. Isiporudi hadi mwisho, mafuta yakipata joto hayana pa kwenda, na breki inajikaza yenyewe. Angalia pia kitundu cha hewa cha kikopo kisizibwe na vumbi.

Hatua ya 4: Bana na usubiri. Mtu akanyage kwa nguvu dakika tano huku wewe unapitisha karatasi nyeupe kwenye kila kiungo. Ukiona doa jekundu, fungua na urudie. Usikaze zaidi ukitumaini litakauka.

Pedi na diski hazina maneno mengi: kwa breki nyingi za chapa ya Cleveland, pedi ikibaki milimita 2.5 ibadilishe, na bolti zenye matundu zifungwe waya. Unyevu wa ziwa unashika diski kutu upesi, hasa ndege ikilala nje wakati wa masika. Kwaruza ukaone kama ni kutu ya juu au imekula mashimo.

Hatua ya 5: Tembea ardhini. Zipe pedi mpya joto la kwanza kama mtengenezaji alivyoagiza, kisha ziache zipoe. Upepo wa ziwa wa mchana ukikupiga ubavuni, utajikuta umekalia breki moja njia nzima. Simama, iache ipoe, ndipo uendelee. Ukirudi, sogeza kiganja karibu na kila diski bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake na hukukata kona nyingi upande huo, rudi hatua ya 3. Kuruka ni mpaka kibali cha TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kiwe mkononi.