Chanzo chako cha mwanga kinatoa fotoni moja moja kweli? Pima hivi

Juzi mwanafunzi mmoja alinishikilia kwamba leza ukiififisha vya kutosha itatoa fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja. Haitoi. Fotoni zake huja kiholela, pengine mbili kwa pamoja, na g2(0), yaani sadfa (vigunduzi viwili kupiga kwa pamoja) ulizohesabu ukizigawanya kwa zile za kubahatisha, hubaki 1 hata ukiififisha mara bilioni. Fotoni iliyo peke yake haigawanyiki: ikifika kwenye kigawa mwanga, hugunduliwa upande mmoja tu.

1. Weka kigawa mwanga cha nusu kwa nusu, kigunduzi kila upande. Zima taa za chumba.

2. Funika chanzo, hesabu mapigo ya gizani, yaani yale ambayo kigunduzi hutoa bila mwanga wa chanzo. Yaandike.

3. Rekodi saa ya kila pigo. Vifaa vya zamani vya anza-simama, ambamo kigunduzi kimoja huanzisha saa na kingine huisimamisha, sivipendi. Ukitumia hivyo, lazima urefushe waya mmoja ili sifuri (mapigo mawili ya wakati mmoja) isikae ukingoni mwa grafu.

4. Chora grafu ya tofauti za saa kati ya mapigo ya vigunduzi viwili, uikague pande zote mbili za sifuri. Hapa nilipoteza siku mbili. Niliona vilima viwili, kimoja kila upande, nikalaumu sampuli, nikaibadilisha, vikabaki palepale. Kumbe ni vigunduzi vyenyewe! Kigunduzi cha silikoni kinaponasa fotoni, poromoko la elektroni ndani yake hutoa mwanga kidogo. Mwanga huo hurudi kwa njia ileile iliyoleta fotoni, huakisiwa na lenzi, kisha huamsha kigunduzi cha pili. Kuhakikisha, funika chanzo urekodi usiku kucha: vilima vikiwapo bado, si vya sampuli, maana hata pigo la gizani hutoa mwanga. Au sogeza lenzi inayoakisi: kila mita ya njia ni kama nanosekunde 3.3, kwa hiyo kilima kitahama. Dawa ni chujio kinachopitisha rangi ya chanzo tu mbele ya kila kigunduzi, kwa sababu mwanga huo una rangi nyingi. Usivifute vilima kwenye data, tafadhali. Kimoja kikiangukia karibu na sifuri utafuta na ushahidi wako, yaani upungufu wa sadfa pale sifuri.

5. Piga hesabu. Kila kigunduzi kikipata mapigo 50,000 kwa sekunde, na dirisha (muda ambao mapigo mawili huhesabiwa kuwa ya pamoja) ni nanosekunde 2, sadfa za kubahatisha ni 50,000 × 50,000 × 0.000000002, yaani 5 kwa sekunde. Kwa dakika 10 ni 3,000. Ukikuta 600, g2(0) ni 0.2.

Kabla ya kukata tamaa na hiyo 0.2, rudi kwenye hatua ya 2. Ikiwa sehemu 0.9 tu ya mapigo yako ni ya chanzo, hata chanzo kamili kitakupa 1 − 0.9 × 0.9, yaani 0.19. g2(0) ikifika 0.5, shuku vyanzo viwili vinavyong'aa sawasawa.