Nati za magurudumu ya baridi: jinsi ya kubadilisha bila kukwama

Wiki hii nimemsaidia dada mmoja wa Gatineau, jimbo la Quebec, ambaye gari lake lilikuwa juu ya jeki, magurudumu matatu ya baridi yameshafungwa, na la kiangazi la nne limekataa kutoka. Nati moja tu ndiyo iliyogoma. Kila Oktoba napigiwa simu za namna hiyo, na karibu zote zinahusu nati. Mtu aliyewahi kupata pancha katika barabara ya Morogoro anajua kuinua gari na kufungua tairi. Kinachowasumbua wengi wetu huku Kanada ni kuwa na seti mbili za magurudumu, kila seti na nati zake, na chumvi ya barabarani inayokula chuma miezi mitano mfululizo.

Mwongozo huu ni wa mwenye seti mbili kamili, tairi za kiangazi kwenye rimu zake na za baridi kwenye rimu zake. Kama una rimu seti moja na unabadilisha mpira peke yake, nenda duka la tairi lenye mashine.

Kwa wageni: mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu na kupoteza mshiko joto likishuka chini ya nyuzijoto 7. Quebec sheria inadai tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Sisi wa jimbo jirani la Ontario hatuna sheria hiyo, ila tangu mwaka 2016 kampuni za bima zinatakiwa kumpa punguzo mwenye tairi za baridi. Piga simu ulidai, hawakupigii wao.

Hatua ya 1: Zijue nati zako kabla ya kununua chochote

Nati inatumikia mabwana wawili. Nyuzi zake zinafuata gari. Kikalio chake, yaani sehemu inayogusa rimu, kinafuata rimu. Watu hukumbuka la kwanza na kusahau la pili.

Kuhusu nyuzi: Toyota na Honda nyingi ndogo zinatumia M12 kwa 1.5 (kipenyo milimita 12, nafasi kati ya nyuzi na nyuzi milimita 1.5), Nissan na Subaru nyingi M12 kwa 1.25. Kipenyo ni kilekile, kwa hiyo nati ya Toyota itaanza kuingia kwenye stadi ya Subaru, yaani ile boliti iliyochomoza ambayo nati hufungwa juu yake, kisha itakaza ghafla. Ukilazimisha kwa spana, umeharibu nyuzi za stadi. Volkswagen na magari mengine ya Kijerumani hayana nati, yana boliti zinazoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu hukaa juu yake, na kwao urefu wa boliti nao ni wa kuangalia.

Kuhusu kikalio, utakutana na aina tatu. Kuna cha koni, mara nyingi cha digrii 60, ambacho ndicho kinachotumika kwenye rimu nyingi za dukani. Kuna cha mviringo, chenye tumbo kama la mpira, ambacho Honda na Volkswagen hutumia kwenye rimu zao za kiwandani. Na kuna bapa chenye washa (pete bapa ya chuma) na shingo inayoingia ndani ya tundu la rimu, ambacho Toyota imekitumia miaka mingi kwenye rimu zake za aloi.

Sasa chukua mtu mwenye Corolla ya rimu za aloi za kiwandani. Ananunua rimu za chuma za baridi, kisha anazifunga kwa nati zilezile zenye washa. Zitakaza, na spana itamwambia nguvu imefika. Lakini tundu la rimu ya chuma ni la koni, na nati bapa inaligusa kwenye ukingo mwembamba tu. Baada ya safari kadhaa ukingo unalainika, nati inalegea, na tundu linaanza kupanuka. Gurudumu hutoka njiani kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo ukinunua rimu, nunua na nati zake: 20 kwa gari la stadi tano kila gurudumu.

Kama huna uhakika, paka kikalio cha nati wino wa kalamu nene, ifunge kwa mkono kwenye rimu, izungushe, ifungue uangalie. Wino ukifutika kuzunguka eneo lote la kikalio, zinakubaliana. Ukifutika kwenye mstari mwembamba tu, zirudishe dukani.

Ushauri wangu wa kununua ni nati za chuma za kipande kimoja, kichwa cha pembe sita, zilizozibwa mbele. Achana na zile nyembamba zenye meno pembeni zinazohitaji ufunguo wake. Rimu chache zenye matundu finyu zinazihitaji kweli. Hapo nunua funguo mbili, moja ikae kwenye gari.

Hatua ya 2: Jaribu nati zote wiki moja kabla

Gari likiwa chini, breki ya mkono imevutwa, legeza kila nati robo mzunguko kisha ikaze tena kwa nguvu yake. Moja baada ya nyingine, usilegeze zote kwa pamoja. Ni kazi fupi, na ndiyo itakayokuambia kama kuna nati iliyoganda wakati bado una siku za kutafuta vifaa. Ukigundua Jumapili jioni theluji ikianguka, utalipa gari la kuvuta.

Siku hiyohiyo tafuta ufunguo wa loki. Magari mengi yana nati moja ya loki, ya kuzuia wizi, kwenye kila gurudumu, na ufunguo wake ni kijisoketi kidogo chenye umbo la ajabu. Angalia kisanduku cha dashibodi, chini ya tairi la spea, kwenye mfuko wa jeki. Kama gari ulinunua kwa mtu, muulize leo.

Hatua ya 3: Nati iliyogoma

Kwanza vifaa. Soketi iwe ya pembe sita ndani, wala si ya pembe kumi na mbili, na iwe nzito, ile nyeusi iliyotengenezwa kwa ajili ya kutumika na mashine ya kugonga. Mkono uwe mrefu, angalau nusu mita. Spana iliyokuja na gari ni fupi na mdomo wake ni laini, na ndiyo inayoanza kuzilia nati pembe. Usitumie mashine ya betri kwenye nati iliyokwisha kugoma. Mkono unahisi nati inapoanza kuteleza, mashine haihisi.

Kisha tambua tatizo ni lipi kati ya haya, kwa sababu dawa zake ni tofauti.

*Nati imevimba.* Magari mengi ya Kimarekani yalitoka kiwandani na nati za vipande viwili: nati ya chuma cha kawaida ndani, kofia nyembamba ing'aayo juu yake. Maji ya chumvi huingia katikati, kutu inajaa, kofia inavimba. Soketi ya 19 haiingii tena na ya 20 inaogelea. Usigonge ya 20 kwa matumaini. Zipo soketi za nusu ukubwa, 19.5 au 21.5, zilizotengenezwa kwa ajili ya jambo hili hasa. Ukikosa, pasua kofia kwa patasi na nyundo ukianzia ukingo wa chini, uivue kama ganda. Nati iliyobaki ndani ni ndogo, kwa hiyo pima upya: soketi inayofaa ni ile ambayo inahitaji kugongwa kidogo ndipo iingie. Ikishatoka, itupe, na badilisha zote za gari, hata zile ambazo leo zinafunguka. Zitavimba mwakani.

*Nati imekwisha pembe.* Hapa kuna kifaa kimoja tu ninachokiamini: soketi ya kung'olea, yenye meno ya mzunguko ndani yanayouma zaidi kadiri unavyozungusha kushoto. Chagua inayobana, igonge kwa nyundo mpaka ikae kabisa, kisha vuta mkono polepole bila kushtua. Nati itabaki imenasa ndani ya soketi. Isukume nje kwa fimbo ya chuma kutoka nyuma. Angalia pia nafasi kati ya soketi na rimu. Kwenye rimu za aloi zenye matundu finyu, soketi nene ikigongwa kwa nguvu inapasua ukingo wa tundu, na rimu hiyo ni gharama kuliko fundi.

*Nati imeganda kwa kutu lakini pembe ni nzima.* Mafuta ya kupenya, kisha subira. Kama nati iko wazi mbele na unaona ncha ya stadi, nyunyiza hapo jioni, rudia asubuhi, gonga kichwa cha nati mara chache kwa nyundo. Kama imezibwa mbele, mafuta hayafiki kwenye nyuzi hata ukimwaga kopo zima. Yataishia kwenye breki. Hapo jaribu kuikaza kidogo sana, mkono wa spana usogee sentimita moja tu, kisha ifungue. Kutu ikishavunjika upande mmoja huachia upande wa pili. Moto usiutumie. Gesi inayochomwa kwenye nati inapasha rimu, rimu inapasha hewa na mpira wa tairi lililojaa, na tairi la namna hiyo linaweza kupasuka na kuua aliye karibu. Nimewaona watu wenye uzoefu wakifanya, na bado nasema usifanye.

*Nati ya loki.* Kama ufunguo upo, safisha michirizi ya nati kwa brashi ya waya, gonga ufunguo kwa nyundo ya mpira mpaka ukae wote, kisha zungusha kwa mkono, ukiushikilia wima kwa mkono wa pili. Kamwe usitumie mashine: ufunguo ni mwembamba, unapasuka, na ukipasuka gari zima limefungwa. Kama ufunguo umepotea, tafuta kadi yenye namba yake kwenye makabrasha ya gari, uagize mwingine kwa namba hiyo. Kadi nayo ikikosekana, muuzaji wa aina ya gari lako huwa na seti ya funguo za majaribio. Soketi ya kung'olea hufanya kazi kwenye loki nyingi, isipokuwa zile zenye pete ya nje inayozunguka bure. Hizo mpelekee fundi mwenye mashine ya kuchomelea, usipoteze siku yako.

Loki zikishatoka, usizirudishe kwenye magurudumu ya baridi. Mwizi wa rimu nyeusi za chuma zenye chumvi sijamwona.

*Stadi inazunguka pamoja na nati, au imekatika.* Simama hapo. Stadi hubadilishwa kwa kugongwa itoke nyuma ya habu na mpya kuvutwa mahali pake, na kwenye magari mengine lazima habu yenyewe ifunguliwe. Usiendeshe na stadi pungufu ukisema zilizobaki zinatosha.

Hatua ya 4: Vua gurudumu

Jeki, kisha stendi. Jeki peke yake haitoshi, hasa kwenye lami yenye barafu.

Gurudumu likigandia kwenye habu baada ya nati kutoka, rudisha nati mbili kwa mizunguko michache, kisha piga teke upande wa tairi, kushoto na kulia kwa zamu. Nati zitalizuia lisikurukie.

Hatua ya 5: Safisha kabla ya kufunga

Kwangu hii hairukwi. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kutu iliyobanwa kati ya habu na rimu itasagika ukiendesha, na nati zitalegea ingawa ulizikaza sawasawa. Paka grisi ya shaba nyembamba sana kwenye ukingo wa katikati wa habu, ili mwezi wa nne gurudumu litoke.

Kwenye nyuzi za stadi na kwenye vikalio usipake kitu. Najua wengi wanapaka kwa sababu ya chumvi. Lakini namba ya nguvu iliyo kwenye kitabu cha gari ni ya nyuzi kavu. Zikiwa na grisi, nguvu ileile ya spana inavuta stadi kupita kiasi, na stadi inaanza kurefuka. Brashi ya waya inatosha.

Hatua ya 6: Funga na kaza

Kila nati ianze kwa vidole, mizunguko kadhaa, bila kifaa chochote. Ikigoma kwa vidole, imeingia mshazari: itoe uanze upya. Kisha kaza kwa mtindo wa nyota, ukiruka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili.

Shusha gari tairi liguse chini, umalizie kwa toki renchi, spana inayopima nguvu. Nunua moja, bei yake si kubwa. Corolla ni nyutoni mita 103, Civic 108, Golf 120, na F-150 za karibuni 204, ndiyo maana "kaza mpaka usikie imeshika" si kipimo. Soma kitabu cha gari lako. Toki renchi ikilia mara moja, acha, na usiitumie kamwe kufungulia.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena kwa namba ileile, tairi zikiwa baridi. Rimu mpya na rimu za aloi hasa hujipanga upya zikianza kutembea.

Hatua ya 7: Unavyobeba kwenye gari

Nati za Toyota za kiwandani zina kichwa cha 21. Nyingi za dukani, ulizonunua pamoja na rimu za baridi, zina 19. Maana yake spana iliyo kwenye buti haifungui tena magurudumu uliyofunga leo. Weka soketi inayofaa na mkono mrefu pamoja na jeki. Nati za kiangazi, loki zake na ufunguo viweke kwenye mfuko mmoja ulioandikwa, uufunge kwa waya kwenye rimu mojawapo ya zile unazohifadhi. Kwenye kila tairi andika kwa chaki lilikotoka, mbele au nyuma, kushoto au kulia.