RAM moja au mbili kwenye kompyuta unayoipandisha kasi?

Ukihitaji GB 32 za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, chukua vijiti viwili vya GB 16, si kimoja cha GB 32. Kwa watu wengi mjadala unaishia hapo, lakini ni vizuri ujue kwa nini, maana kuna pahali jibu hugeuka.

Kijiti kimoja cha DDR4, kizazi kimojawapo cha RAM, huwasiliana na prosesa kwa njia yenye upana wa biti 64, yaani baiti 8 kwa mkupuo. Kikikimbia 3600, yaani mikupuo milioni 3600 kwa sekunde, zidisha kwa 8: GB 28.8 kwa sekunde. Sasa weka viwili vya 2666, kasi ya kawaida kabisa, kila kimoja kwenye chaneli yake, yaani njia yake ya kwenda kwenye prosesa. Upana unakuwa baiti 16, na hesabu inafika karibu GB 42.7. Kile cha mbio kimeachwa mbali na viwili vinavyojitembelea. Hizi ni hesabu za karatasini, na si kila programu itauhisi huo upana. Mchezo au kazi inayotegemea grafiki iliyomo ndani ya prosesa ndiyo huuhisi zaidi, kwa sababu grafiki hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe.

Kuhusu DDR5, kizazi kinachofuata DDR4, wapo wanaodai kijiti kimoja kinatosha kwa kuwa ndani kina njia mbili. Kweli zipo mbili, ila kila moja ni biti 32. Jumla ni 64 zilezile.

Kijiti kimoja kina faida yake: hakiichoshi sana sehemu ya prosesa inayoendesha kumbukumbu, hivyo hukubali kupandishwa juu zaidi. Ndiyo maana wanaowinda rekodi mara nyingi hubakiza kimoja tu. Rekodi haihitaji mashine ikae imara usiku kucha, yako inahitaji. Kununua kimoja leo ukitarajia kuongeza cha pili baadaye pia kuna mtego: hata vyenye jina lilelile huweza kuwa na chipu tofauti ndani, na vikagoma kukimbia pamoja. Nunua viwili vya pakiti moja. Vinne viache, huulemea mfumo na kasi hushuka.

Kwenye ubao mama wenye nafasi nne, kwa kawaida vijiti huingia ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, zilizoandikwa A2 na B2. Hakikisha kwenye kitabu cha ubao. Bonyeza ncha zote mbili mpaka kibanio kijifunge. Ukivipanga kwenye nafasi za kwanza na pili, kompyuta itawaka vizuri bila kulalamika, kumbe inatumia chaneli moja. Fungua CPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za prosesa na RAM, uthibitishe. Usishtuke ukiona 1800 badala ya 3600: hapo programu inaonyesha nusu.

Kabla ya kugusa RAM, rudisha prosesa kwenye kasi yake ya kiwandani. Ukipandisha vyote kwa pamoja, mashine ikizima hutajua mkosaji ni nani. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama, washa XMP au EXPO, ambayo ni mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa tayari kwenye kijiti, na uache volti ya pakiti, ambayo kwa DDR4 nyingi za kasi ni 1.35. DDR5 huweza kuacha skrini nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza, kwa sababu ubao unajipima na kumbukumbu mpya. Usikate umeme. Kisha washa kompyuta kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi, iache imalize mizunguko minne. Kosa moja tu ni kufeli, hata kama Windows inafunguka bila shida. Makosa madogo ndiyo huharibu mafaili kimyakimya.

Ikifeli, shusha kasi ngazi moja, au legeza CL, idadi ya mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu, kutoka 16 hadi 18, upime upya. Ikikataa kuwaka kabisa, zima, chomoa umeme, ufute mipangilio ya BIOS kwa kufuata kitabu cha ubao.

Makosa yakiendelea, pima kila kijiti peke yake kwenye A2, kwa kasi ya msingi, bila XMP. Kinachofeli hapo ni kibovu, kirudishe pamoja na mwenzake. Vyote viwili vikifaulu, jaribu kimoja kwenye B2, kwani huenda nafasi yenyewe ndiyo mbovu. Kikifaulu huko pia lakini viwili vikafeli pamoja kwa kasi ya juu, huenda kosa si la RAM: prosesa au ubao unaweza kuwa umefika mwisho wake, na 3600 itabidi iwe 3466.