Mwani umejaa kwenye tangi lako la maji ya chumvi? Ujue kwanza ni upi

Kabla hujanunua dawa yoyote, kaa mbele ya tangi uangalie vizuri unachopambana nacho, maana watu wengi wanaita kila uchafu mwani alafu wanatibu kitu kingine kabisa. Ule unga wa kahawia unaofunika mchanga na kioo kwenye tangi jipya ni diatomu, unaishi kwa silika (madini yaliyomo kwenye maji na mchanga), wala usikukoseshe usingizi, futa kioo tu, silika ikiisha na wenyewe unaisha. Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka vipande vipande ni sainobakteria, huo hata sio mwani, ni bakteria, unapenda kona ambazo maji hayatembei kwahiyo geuza pampu zipulize huko na uunyonye kwa mpira. Vipira vya kijani vinavyong'aa ni Valonia, ng'oa kizima kizima, usivipasulie ndani ya tangi. Nyuzi ndefu za kijani ndo mwani wa nywele, nitaurudia.

Wa kuogopa ni dinoflajeleti, wengi wanafupisha wanasema dino. Ni makamasi ya kahawia yenye viputo vya hewa, mchana yamejaa, usiku yanapungua, taa zikiwaka yanarudi. Dino mara nyingi hutokea kwenye tangi ambalo naitreti na fosfeti (virutubisho vinavyotokana na chakula na kinyesi cha samaki) zimefika sifuri, sasa mtu akiona uchafu anabadilisha maji, anapunguza chakula, anaweka vidonge vya kunyonya fosfeti, na kila akisafisha yanazidi! Hapo fanya kinyume, simamisha kubadilisha maji kwa muda, lisha zaidi kidogo, namba zipande zionekane kwenye vipimo. Taa ya UV (kifaa kinachopitisha maji kwenye mwanga wa urujuanimno unaoua viumbe) inasaidia kwa zile aina zinazoelea majini usiku. Na konokono wakianza kufa ghafla usishangae, baadhi ya dino zina sumu.

Sasa nyuzi za kijani. Utapima fosfeti ikutokee sifuri, utasema mbona maji yangu masafi, kumbe mwani ndo umeila yote kabla kipimo hakijaiona. Kwahiyo usikiamini kipimo peke yake wakati mawe yameota nywele. Angalia chakula cha mwani kinaingilia wapi: maji ya bomba huwa yanakuja na fosfeti, naitreti na silika zake, tumia ya RO/DI (yaliyochujwa kwa utando kisha kwa resini mpaka madini yaishe) na kipimo cha TDS, kinachopima vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0, kikianza kupanda badilisha resini. Chakula cha kugandisha kiyeyushe kwanza, ukichuje, yale majimaji yake umwage. Soksi ya filta (mfuko wa kitambaa unaochuja maji) ioshwe kila siku 2 au 3, ukiiacha wiki nzima uchafu unaozea mle mle na maji yanapita juu yake. Mawe ya zamani nayo yanaweza kutoa fosfeti kidogo kidogo kwa miezi, hapo ni subira tu.

Kuung'oa kwa mkono hakukwepeki. Zima pampu ili vipande visisambae, sugua kwa mswaki huku mpira unanyonya pembeni, jiwe linalotoka litolee kwenye ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Ukishaufupisha ndo ulete konokono, maana nyuzi ndefu hawazigusi sana. Mimi nawapenda Trochus, wakianguka chali wanajigeuza, Astraea wengi hawawezi wanafia hapo hapo. Turbo ni mlafi haswa ila anasukuma matumbawe ambayo hayajagandishwa vizuri. Wale kaa wanaobeba makombe wanaua konokono wachukue nyumba, mi naona hasara. Na tafadhali usinunue samaki Zebrasoma, wale wala mwani wanaohitaji nafasi kubwa, uwaweke kwenye tangi dogo eti aje kufanya usafi.

Lengo sio sifuri. Naitreti 2 mpaka 10 ppm (sehemu kwa milioni), fosfeti 0.03 mpaka 0.1 ppm, hapo matumbawe yanakula na mwani haupati sherehe. Ukitumia chembe za oksaidi ya chuma kushusha fosfeti anza na kidogo sana, ikishuka ghafla matumbawe yanaumia. Ukiwa na samp (tangi la pili la chini linalochuja maji) weka humo Chaetomorpha, mwani wa kufugwa, na taa yake iwake usiku, inagombania chakula hicho hicho, na kila ikijaa unavuna unatupa. Taa za juu masaa 8 hivi yanatosha, na tangi lisipigwe na jua la dirishani.

Ukifanya yote na bado kuna mwani wa kijani iliyokolea wenye umbo la unyoya, huo ni Bryopsis, konokono wengi wanaupita tu. Wengi wanautibu kwa flukonazoli, dawa ya fangasi: toa kaboni (makaa ya kuchujia maji) kwanza isije ikanyonya dawa, fuata kipimo cha bidhaa uliyonayo, alafu ukianza kufa unyonye mapema kabla haujaoza na kurudisha fosfeti yote majini.