Somo: Kuijua Tabia ya Chombo Kidogo cha Matanga kwa Kusoma Vipimo Vyake

Baharia anayetaka kusafiri na chombo cha matanga cha kigeni kilichotia nanga Kilifi, Mtwapa au Tanga huweza kuonyeshwa karatasi ya vipimo, naye mara nyingi hutazama urefu peke yake kisha akairudisha. Somo hili linafundisha kuisoma karatasi yote. Mfano wetu ni Contessa 32 ya Uingereza, iliyochorwa na David Sadler na kuundwa na Jeremy Rogers huko Lymington tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo zaidi ya 700 zimekwisha kuundwa. Vipimo vyake ni hivi: urefu wote mita 9.75, urefu wa mstari wa maji mita 7.32 (futi 24), upana mita 2.90 (futi 9.5), kina cha chombo ndani ya maji mita 1.68, uzito takriban ratili 9,500 au kilo 4,300, na ndani ya uzito huo farumi (uzito wa kukituliza chombo) ya takriban ratili 4,500.

Hatua ya kwanza: tafuta kasi kwenye mstari wa maji. Urefu wa kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma) ni wa kulipia gatini. Urefu unaokwenda ni ule uliogusa maji. Tafuta kipeuo cha pili cha futi za mstari wa maji, kisha zidisha kwa 1.34. Kipeuo cha pili cha 24 ni 4.9, na jibu ni kama maili za baharini 6.6 kwa saa. Tazama pia tofauti ya urefu huo miwili, ambayo hapa inafika mita 2.4. Chombo kinapolala kwa upepo, sehemu ya omo na tezi iliyokuwa ikining'inia juu ya maji huingia majini, na mstari wa maji hurefuka kidogo pale hasa unapohitajika.

Hatua ya pili: pima uzito dhidi ya urefu huo. Geuza uzito uwe tani za Kiingereza, ambazo kila moja ni ratili 2,240, utapata 4.24. Gawanya futi 24 kwa 100, upate 0.24, utafute 0.24 × 0.24 × 0.24, kisha igawe 4.24 kwa jibu hilo. Utapata 307 hivi. Chini ya 200 chombo ni chepesi na huondoka haraka hata kwa upepo mdogo. Ukipita 300 ni kizito, huchelewa kushika mwendo, lakini hakirushwirushwi na kila wimbi.

Hatua ya tatu: uliza kinachokirudisha wima. Hapa nawaomba tusimame kidogo. Jahazi hubeba farumi ya mawe au shehena yenyewe ndani ya ngama (sehemu ya chini kabisa ya ndani ya chombo), na ngalawa hutegemea mirengu yake. Contessa imeweka asilimia 47 ya uzito wake chini, mkukuni (uti wa chini wa chombo), mahali pasipohama. Upana na uzito wa chini vyote huzuia chombo kisilale, ila havifanyi kazi kwa namna moja. Upana husaidia mwanzoni, na ndiyo maana chombo kipana humfurahisha mgeni anayekipanda bandarini. Lakini kikipinduliwa kabisa hutulia juu chini kama sinia lililofunikwa. Chombo chembamba chenye farumi ya chini hulala upesi, kisha hukaza kadiri kinavyozidi kulala. Contessa huendelea kuwa na nguvu ya kurudi hadi imezungushwa takriban digrii 155, ilhali vyombo vingi vipana vya mashindano vya miaka ile viliipoteza nguvu hiyo karibu na digrii 120.

Tofauti hiyo ilionekana Agosti 1979 katika mashindano ya vyombo vya matanga ya Fastnet. Vyombo 303 viliondoka Cowes, kusini mwa Uingereza, dhoruba ikavikuta kati ya Uingereza na Ireland, mabaharia 15 wa mashindano wakafa na vyombo 24 vikaachwa na watu wake. Katika daraja la vyombo vidogo kabisa kilimaliza kimoja tu, nacho ni Contessa 32 iitwayo Assent.

Baada ya maafa hayo, wataalamu wa Marekani walitunga kipimo chepesi cha hatari ya kupinduka: gawanya uzito wa ratili kwa 64, tafuta kipeuo cha tatu, kisha gawanya upana wa futi kwa jibu hilo. Matokeo yasizidi 2. Contessa hupata 1.79.

Hatua ya nne: kithibitishe majini. Omba ushike kana (mkono wa usukani) chombo kinapokwenda joshi, yaani kuelekea upande unakotoka upepo, kwa upepo wa wastani, kisha iachie taratibu. Chombo kilichosawazika hugeuka polepole kuelekea upepo. Kikigeuka kwa ghafla, au ukihitaji mikono miwili kuishika kana, matanga ni mengi mno na yapunguzwe kabla ya jambo lingine. Tarajia kulowa: ubavu wa Contessa hauinuki sana juu ya maji, na mawimbi ya joshi hupita sitahani. Chumba chake nacho ni chembamba, kwa sababu ule upana ambao ungeweka meza kubwa ndio uliokataliwa katika hatua ya tatu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Kwa nini upepo ukiongezeka maradufu kasi isipite hizo maili 6.6? (Kilifi)*

Marahaba. Chombo hujitengenezea wimbi, na wimbi hilo hurefuka kadiri mwendo unavyopanda. Likifikia urefu wa mstari wa maji, chombo hubaki kati ya vilele viwili, tezi ikididimia, na nguvu ya ziada huishia kukuza wimbi. Kikiteremka wimbi la bahari kutoka nyuma huweza kupita kiwango hicho kwa muda.

*Huku kwetu maji yakipwa tunapwelewa kila siku. Mkuku wa mita 1.68 utafaa? (Lamu)*

Katika mlango wenye kina, ndiyo. Juu ya fungu la mchanga, hapana, kwani chombo cha mkuku mmoja kitalala ubavu mpaka maji yajae. Waingereza wenye maghuba ya matope waliunda Westerly Centaur ya futi 26, yenye mikuku miwili na kina cha kama mita 0.9, inayokaa wima maji yakitoka. Hata hivyo haiendi joshi vizuri kama Contessa.

*Kwa heshima zote, chombo kimoja kumaliza si ushahidi. Huenda ilikuwa bahati na nahodha hodari. (Muscat)*

Nakubaliana nawe, ndugu. Bahati na uhodari wa nahodha vilikuwamo pia. Ndiyo maana nimetanguliza hesabu, tukio likafuata.

*Je, vipimo hivi ni vya chombo kitupu? Safari ndefu ina mizigo. (Tanga)*

Swali hili lilistahili hatua yake. Ongeza kilo 600 za maji, chakula na vifaa: ile 307 hupanda hadi karibu 350, na mwendo huwa mzito zaidi. Kipimo cha Marekani nacho hushuka hadi 1.72, kana kwamba usalama umeongezeka, kwa maana hakijui mzigo umewekwa wapi. Madumu yakifungwa sitahani na mtumbwi wa mpira ukalazwa juu ya paa, kitovu cha uzito kimepanda na chombo ni hatari zaidi ya kilivyokuwa kitupu. Maji na makopo yapakiwe chini, ngamani, karibu na katikati, na kila kitu kifungwe kama kwamba chumba kitageuzwa juu chini.