Jinsi ya kuhakiki albamu iliyokuangusha

Isikilize mara tatu kabla ya kuandika: kwanza mfululizo bila kuruka wimbo, kisha kwa hedifoni huku ukinukuu dakika na sekunde ya kila kinachokukera, halafu tena baada ya siku mbili. Usizidharau siku hizo. Be Here Now ya Oasis (1997) ilimwagiwa sifa ilipotoka, kisha wahakiki wengi wakageuka. Pinkerton ya Weezer (1996) ilipondwa, leo inaheshimiwa.

Usiandike "mbovu" ukaishia hapo. Taja kasoro inayosikika. Kwenye St. Anger ya Metallica (2003), nyaya za chini ya snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) hazikukazwa, ikawa inalia kama debe tupu, na solo za gitaa hazimo kabisa. Msomaji akiambiwa hivyo, anafungua wimbo na kuhakikisha mwenyewe.

Wengi hukosea kwa kuipima albamu dhidi ya iliyotangulia tu. Ulinganisho wa sentensi moja unatosha. Nyota, yaani alama unazoipa albamu, weka mwisho, maana ukianza nazo utabaki kuzitetea. Na kama kuna wimbo mmoja mzuri (mara nyingi upo), utaje kwa jina.