Jinsi ya kuucheza uchaguzi wa rais wa Marekani wa 1800 kwa maharage mezani

Nunua kilo moja ya maharage mekundu. Utatumia punje 276 tu, ila nyingine zitaishia chini ya kochi, na wewe mwenyewe utapotea hesabu mara mbili kabla wageni hawajafika. Tafuta na maharage meupe, kikombe kimoja kinatosha, uyafiche jikoni. Yana kazi yake baadaye.

Nilifundisha historia Tanga miaka mingi. Sasa niko Columbus, Ohio, na Jumamosi jioni sebule yangu hujaa watoto wa ndugu na majirani. Shuleni wanatajiwa Jefferson, Adams na Hamilton, wanasiasa wa miaka ya mwanzo ya Marekani. Wakirudi nyumbani na maswali, wazazi wao wanawatuma kwangu. Nilijaribu kuwaeleza kwa mdomo, wakasinzia. Tangu nianze na maharage, hata baba zao waliokuja kuwachukua hukaa.

Kwanza nikuambie kosa langu, usije ukalirudia. Siku ya kwanza niligawa mekundu yawe kura za rais na meupe yawe za makamu. Dakika kumi tu mchezo ukaisha: Jefferson rais, Aaron Burr, mgombea mwenza wake, makamu. Watoto wakaniuliza, sasa ugomvi ulikuwa wapi? Nikakosa la kujibu, kwa sababu ugomvi nilikuwa nimeufuta mwenyewe. Katiba ya 1787 ilimpa kila mjumbe wa kumchagua rais kura mbili, na kura hizo zilikuwa rangi moja. Mjumbe aliandika majina mawili, jina moja angalau liwe la mtu wa jimbo jingine, basi. Hakuandika nani rais nani makamu. Aliyeongoza, akiwa amevuka nusu ya wajumbe, ndiye rais, na anayemfuata makamu. Waliotunga kanuni hiyo waliwaza watu waheshimiwa watakaopimwa mmoja mmoja. Vyama havikuwamo akilini mwao.

Kwa hiyo rangi moja tu. Na usirukie 1800; anza na 1796, ambako hakuhitaji kugawa punje. Andika tu namba kwenye karatasi kubwa: Adams 71, Jefferson 68, Thomas Pinckney 59, Burr 30. Uliza: rais nani? Watajibu Adams. Na makamu? Hapo utaona nyuso zinakunjamana. Jefferson, mpinzani wake! Ni kama mumpe ufunguo wa nyumba yule mliyetoka kushitakiana naye.

Vyama vyenyewe vieleze kwa ufupi. Wafederalisti, upande wa Adams na Hamilton, walitaka serikali kuu yenye nguvu, benki ya taifa na biashara nzuri na Uingereza. Warepublikani wa Jefferson na Madison walizitetea serikali za majimbo na wakulima, na mioyo yao ilikuwa kwa Ufaransa ya mapinduzi. Sema mapema kabisa kwamba hawa si Republican wa leo, waliozaliwa 1854. Usiposema, jioni yako yote italiwa na siasa za televisheni.

Kisha waoneshe ile 59 ya Pinckney. Huyu alikuwa mwenzake Adams, kwa nini apungukiwe kura 12? Kwa sababu wajumbe kadhaa wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, walimnyima kura makusudi. Walinusa kwamba Hamilton anataka Pinckney ampite Adams, wakaona bora wamkate. Matokeo yake nafasi ya pili ikaenda kwa adui. Funzo ambalo vyama vyote viwili vilibeba kutoka hapo ni nidhamu: safari ijayo kila mjumbe atupe kura zake mbili kama alivyoagizwa.

Sasa 1800. Weka vikombe vitano, kila kimoja na jina: Jefferson, Burr, Adams, Charles Cotesworth Pinckney (kaka wa yule wa kwanza), na John Jay. Andika vikaratasi 16 vya majimbo, kila kimoja na idadi ya wajumbe wake, jumla 138. Mwenye jimbo anapewa punje mara mbili ya wajumbe wake. New York ina 12, kwa hiyo punje 24: 12 kwa Jefferson, 12 kwa Burr. Jimbo hilo lilikuwa la Adams mwaka 1796. Burr ndiye aliyeligeuza kwa kampeni yake ya mjini New York majira ya kuchipua ya 1800. Pennsylvania igawanye, 8 kwa Jefferson na 7 kwa Adams. Maryland tano kwa tano. North Carolina nane kwa nne. Mwenye Rhode Island mnong'oneze sikioni: kati ya punje zake nane, nne ampe Adams, tatu Pinckney, na moja aidondoshe kwa Jay. Asiseme kwa nini.

Nikifika Virginia huwa nasimama. Ina wajumbe 21, kuliko jimbo lolote. Katiba iliwahesabu watumwa watano kama watu watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, na wajumbe wa kumchagua rais walifuata idadi hiyo. Sensa ya 1790 ilikuta watumwa 292,627 Virginia peke yake. Walihesabiwa, hawakupiga kura. Binti mmoja wa miaka kumi na mbili aliuangalia mkono wake, akaangalia punje, akauliza kama anaweza kuzitoa kikombeni zile za watumwa. Wanahistoria wengi waliopiga hesabu hiyo wanaona kwamba bila kifungu kile Adams angebaki rais. Sikuharakisha kuendelea siku ile.

South Carolina iweke ya mwisho, kwa kuwa habari zake ndizo zilizosubiriwa kwa hamu. Majimbo 15 yakishatupa, mwaga vikombe vya Adams na Jefferson mezani, hesabuni kwa sauti. Sitini na tano. Sitini na tano. Acha wapige kelele. Pinckney ni mtoto wa South Carolina, na Wafederalisti walitumaini jimbo litamkumbuka mwanawe. Halafu mwenye jimbo atoe punje zake 16: nane kwa Jefferson, nane kwa Burr, hata moja haikuanguka kwingine. Jefferson 73. Warepublikani wa sebuleni watashangilia. Wewe tulia, kisha omba mtu ahesabu kikombe cha Burr.

Mama mkwe wangu alikuwa pembeni anachambua mchicha. Akainua kichwa. "Mwanangu, huyo Burr si ndiye mgombea mwenza? Si aseme tu kwamba yeye ni wa pili?"

"Hakusema, mama. Mwanzoni aliandika barua kwamba hashindani na Jefferson. Mambo yalipoiva, akanyamaza."

"Mh," akasema, akarudi kwenye mchicha wake.

Hapo ndipo mwenye Rhode Island afichue siri yake. Wafederalisti walikumbuka kuacha pengo la punje moja, Adams 65, Pinckney 64, mmoja akabaki juu ya mwenzake. Warepublikani hawakuacha. Nidhamu waliyojifunza 1796 ndiyo iliyowafunga sare.

Sasa Baraza la Wawakilishi, ndilo lililopaswa kuamua sare hiyo, na hapa kila jimbo lina punje moja tu, dogo kwa kubwa. Ushindi ni tisa. Duru ya kwanza, 11 Februari 1801: Jefferson nane, Burr sita, na Vermont na Maryland zimegawanyika, punje zao zibaki mkononi. Rudieni. Ileile. Rudieni tena. Mkifika mara ya nne watakuomba uache. Waambie wenzao walirudia mara 35, nje theluji inaanguka. Mtoto mmoja alale kwenye kochi na blanketi, huyo ni Joseph Nicholson wa Maryland, aliyeletwa akiwa mgonjwa kitandani na kupelekewa kura yake pale alipolala. Bila yeye Maryland ingeenda kwa Burr.

Delaware mpe mtu mzima mwenye msimamo. James Bayard alikuwa mbunge pekee wa jimbo hilo, hivyo punje ni yake yeye peke yake. Hamilton, aliyemchukia Jefferson, aliandika barua baada ya barua kuwasihi Wafederalisti wenzake kwamba Burr ni hatari zaidi. Tarehe 17, duru ya 36, Bayard na South Carolina waliacha kura tupu, Wafederalisti wa Maryland vilevile, na Lewis Morris wa Vermont hakuonekana. Akabaki Matthew Lyon peke yake kuiamulia Vermont. Huyu Lyon alikuwa amefungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000 chini ya Sheria ya Uchochezi ya 1798, kwa maneno yaliyomgusa Adams, na wananchi wakamchagua tena akiwa jela. Mpe mchezaji mwenye Lyon nafasi ya kusimama kabla hajatupa punje. Jefferson kumi, Burr nne.

Sasa nenda jikoni ulete meupe. Hayo ni Marekebisho ya 12 ya Katiba, yaliyopita Juni 1804: kura ya rais rangi yake, ya makamu rangi yake. Burr alikuwa ameshaachwa na chama, na mwezi uliofuata alimpiga Hamilton risasi kule Weehawken. Chezeni 1804 haraka: Jefferson 162, Pinckney 14. Makamu, George Clinton, naye 162, na hakuna aliyeshtuka.

Kijana mmoja alilalamika kwamba meupe yameharibu utamu wa mchezo. Nikamwambia ndivyo walivyokusudia.

Mekundu yakusanye, uyaoshe mara mbili kwa sababu yamepita mikono ya majimbo 16, kisha uyaloweke usiku huohuo.